Fundi wa Stima na Kazi ya Sola: Nusu Unayo, Nusu Kasomee



Mwaka jana kamati ya msikiti mmoja huku Kisauni iliamua kufunga sola. Stima ilikuwa imewachosha: pampu ya maji ya udhu, feni, vipaza sauti na taa, vyote vikila tokeni. Mfadhili akapatikana, bei zikaitishwa, na mpwa wangu akapeleka yake. Huyu ni kijana aliyefunga waya nyumba nyingi za mtaa ule, na hata waya za msikiti wenyewe ni kazi ya mikono yake. Bei yake ilikuwa ya chini kuliko zote. Lakini mfadhili aliuliza swali moja tu: leseni yako ya sola ni ya daraja gani? Hakuwa nayo. Kazi ikaenda kwa kampuni kutoka Nairobi. Walipofika walihitaji mtu anayejua waya za msikiti zinapita wapi, wakamchukua mpwa wangu kwa ujira wa kibarua, siku nne.

Jioni ya siku ya nne alipita kwangu. "Mjomba," akaniambia, "paa nimepanda mimi, waya nimevuta mimi, na nimelipwa pesa ya kubeba saruji. Wale wamenishinda nini?"

Mimi nina diploma ya umeme, na nilifanya kazi ya waya miaka kadhaa kabla ya kuingia katika uandishi. Wakati wetu sola ilikuwa mada ya siku chache mwisho wa muhula, tukaipita haraka. Kwa hivyo nilimjibu ukweli, ingawa haukumfurahisha. Wamekushinda mambo mawili: karatasi, na nusu ya kazi ambayo bado huijui. Fundi wa stima anayegeukia sola huanza akiwa na nusu ya kazi mkononi. Nusu ya pili hana, na hawezi kuibahatisha. Nusu hiyo ndiyo yenye hatari, na ndiyo yenye pesa.

Makala haya ni ya mafundi wetu walio katika hali ya mpwa wangu, ya wazazi wanaotafutia watoto wao kazi ya mikono, na ya kamati zetu zinazotoa kazi hizi.

NUSU ULIYONAYO

Ukiwa fundi wa stima uliyefunga nyumba, usijidharau. Unajua kuchagua ukubwa wa waya kulingana na mzigo. Unajua kupanga bodi, kugawa laini, kuweka breka, kupima athi, na kusoma mchoro. Unajua kupita kwenye ukuta wa mawe ya matumbawe bila kuubomoa. Katika mfumo wa sola, kila kilicho baada ya inveta, yaani kutoka inveta hadi soketi ya mwisho, ni kazi yako ya kila siku: volti 240, mkondo geu, ule tunaouita AC.

Mtu anayeanza sola bila kujua stima huchukua muda mrefu kufika hapo. Wewe umeshafika. Ndiyo maana nasema mafundi wa stima ndio wenye haki ya kwanza ya kazi hii, mradi wakubali kurudi darasani.

NUSU USIYONAYO

Kila kilicho kabla ya inveta, yaani paneli na betri, ni mkondo mnyoofu, DC. Hapa ndipo mafundi wazoefu hukosea, kwa sababu mikono yao imezoea AC.

Jambo la kwanza ni breka. Mkondo wa AC wa nyumbani hurudi sufuri mara 100 kila sekunde. Breka inapofunguka, cheche hupata nafasi ya kuzimika. Mkondo wa DC haurudi sufuri hata mara moja. Ukiukata kwa breka ya AC, cheche inaweza kuendelea kuwaka ndani ya breka mpaka plastiki iyeyuke. Nimefanya kosa hilo mwenyewe, nyumbani kwa shangazi yangu. Nilitoa breka ya AC kwenye mkoba kwa kuwa ndiyo niliyokuwa nayo, nikasema itafaa. Haikufaa. Alhamdulillah tulikuwepo nyumbani moshi ulipoanza. Breka za DC ziko madukani, na nyingine zina upande wa chanya na hasi unaopaswa kufuatwa. Soma maandishi yaliyo juu yake kabla ya kuifunga.

Jambo la pili ni kwamba paneli haizimwi. Stima ya Kenya Power ukishusha swichi kubwa, waya zimekufa. Paneli, maadamu jua lipo, ina umeme. Paneli moja kubwa ya siku hizi hutoa kama volti 50 ikiwa haijaungwa na kitu. Unga kumi kwa mfuatano, umefika volti 500 juu ya paa, na hakuna mtu wa kumpigia simu akuzimie. Volti 500 za DC huua. Na kama inveta yako ina kikomo cha volti 500, ukiongeza paneli ya kumi na moja unaweza kuiunguza siku ya kwanza, na mwenye dhamana hatakulipa.

Jambo la tatu ni betri. Betri ya lithiamu ya volti 51.2 na ampea-saa 100 hubeba karibu uniti 5 za umeme, na ikipigwa shoti inaweza kuachilia mamia hadi maelfu ya ampea kwa mpigo. Spana ikigusa ncha zote mbili huchomelea hapo hapo. Vua saa na pete kabla ya kuigusa. Betri za asidi nazo hutoa gesi inayoshika moto zinapochajiwa, kwa hivyo haziwekwi kabatini wala chumba cha kulala. Ziko nyumba hapa mjini zenye betri chini ya kitanda cha watoto, na aliyeziweka ni fundi.

Jambo la nne ni usalama wa mtu usiyemwona. Stima ikikatika, inveta iliyoungwa vibaya inaweza kurudisha umeme kwenye laini ya barabarani. Yule mfanyakazi aliye juu ya nguzo anaamini laini imekufa. Inveta nzuri ina kinga ya kujitenga na gridi, lakini fundi akiunga upande wa chelezo na upande wa gridi bila swichi ya kubadilisha, kinga hiyo ameipita.

Jambo la tano ni hesabu, na hili ndilo linalotofautisha fundi na muuzaji. Chukua nyumba ya kawaida: taa 8 za wati 9 kwa saa 5, feni 3 za wati 60 kwa saa 8 za usiku, runinga ya wati 80 kwa saa 5, na friji inayokula uniti 1.2 kwa siku. Taa ni wati-saa 360, feni 1,440, runinga 400, friji 1,200. Jumla ni 3,400, yaani uniti 3.4 kwa siku. Gawanya kwa saa 5 za jua kamili, kisha gawanya tena kwa 0.75 kufidia hasara za joto, waya, vumbi na inveta. Unapata wati 907. Paneli mbili za wati 500 zinatosha siku za kawaida, na kipindi cha masika utahitaji akiba. Usiku nyumba hiyo inakula taa, feni, runinga na nusu ya friji, jumla wati-saa 2,800. Ukitumia betri kwa asilimia 80 tu ili idumu, unahitaji betri ya wati-saa 3,500 au zaidi. Fundi anayeweza kuandika hesabu hii kwenye karatasi mbele ya mteja hashindwi na kampuni yoyote kwa maneno. Asiyeweza huuza "kiti" kizima kama alichoambiwa dukani, na mteja akibaki gizani saa nne usiku, lawama ni zake.

PWANI INA MAMBO YAKE

Vitabu vingi vya sola havikuandikwa kwa ajili yetu. Huku kuna chumvi. Upepo wa kusi na wa kaskazi huileta juu ya paa, na skrubu ya kawaida ya chuma huanza kutoa kutu kabla hujamaliza kudai deni lako. Tumia reli za alumini na bolti za chuma kisichoshika kutu, ile aina inayoitwa 316 ikiwa uko karibu na bahari. Unaponunua paneli, uliza kama imepimwa kwa kiwango cha IEC 61701, ambacho ni kipimo cha kuhimili chumvi. Inveta iweke ndani au ukutani upande usiopigwa na upepo wa bahari.

Huku kuna joto. Paneli hupimwa kiwandani ikiwa na nyuzi 25. Juu ya mabati ya Mombasa saa saba mchana, inaweza kufika nyuzi 60. Nyingi hupoteza karibu asilimia 0.35 ya nguvu kwa kila nyuzi inayozidi, yaani kama asilimia 12 kwa nyuzi 35 za ziada. Paneli ya wati 550 hapo ni ya wati 480 hivi. Acha nafasi ya upepo kati ya paneli na mabati, usiilaze ikagusana nayo.

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, kwa hivyo jua linapita karibu utosini. Elekeza paneli kaskazini kidogo, na uipe mwinamo wa angalau nyuzi 10, ili mvua iweze kuosha vumbi na kinyesi cha kunguru. Angalia minazi na miembe: kivuli cha kuti moja juu ya paneli moja kinaweza kupunguza nguvu ya mstari mzima. Athi nayo ina taabu yake. Penye mwamba mkavu wa matumbawe, kijiti kimoja mara nyingi hakitoshi, lazima upime na kuongeza.

Paa la makuti haliwekewi paneli. Halibebi uzito na likishika moto halizimiki. Jenga fremu kando. Na Mji wa Kale wa Mombasa, pamoja na Lamu ambayo ni turathi ya dunia kwa UNESCO tangu 2001, kuna masharti ya kuhifadhi majengo. Uliza ofisi ya makavazi kabla ya kutoboa dari ya nyumba ya zamani.

LESENI: KARATASI INAYOFUNGUA MLANGO

Mamlaka inayotoa leseni ni EPRA, ambayo chini ya Sheria ya Kawi ya 2019 ilichukua nafasi ya ile tume ya zamani ya ERC. Fundi wa stima anahitaji leseni yake ya kawaida, inayoanzia daraja la C2 chini hadi A1 juu. Leseni ya sola ni nyingine, mbali na hiyo. Wengi hawalijui hili, hudhani moja inafunika nyingine.

Kanuni za sola za mwaka 2012 ziliweka madaraja matatu ya mafundi. T1 ni ya mifumo midogo, paneli moja na betri moja, hadi wati 100. T2 ni ya mifumo ya wastani, paneli au betri zaidi ya moja, hadi wati 300, na inaweza kuwa na inveta. T3 ni ya mifumo mikubwa, pamoja na ile ya mseto na ile iliyoungwa na gridi.

Sasa tazama hesabu ile ya nyumba niliyoifanya juu. Paneli moja tu ya siku hizi ni wati 400 hadi 600. Kanuni zilipoandikwa, wati 300 zilikuwa mfumo mzima. Leo paneli moja inaivuka T2. Maana yake ni kwamba T1 na T2 ni ngazi za kupandia, si mahali pa kukaa. Fundi wa mjini anayetaka kufunga nyumba, msikiti, madrasa au hoteli ni lazima alenge T3. Nimewaona vijana wakipata T1, wakaitundika ukutani na kushangaa kwa nini hakuna anayewaita.

Ili kupata leseni unahitaji cheti cha ufundi wa stima kinachotambuliwa, pamoja na cheti cha mafunzo ya sola ya daraja unaloomba kutoka chuo kilichoidhinishwa. Maombi hufanywa mtandaoni. Na ukitaka kuchukua kandarasi kwa jina lako badala ya kuajiriwa, kuna leseni ya mkandarasi wa sola, pamoja na usajili wa kampuni, cheti cha ushuru, na usajili wa NCA kwa kazi za ujenzi. Ni karatasi nyingi, nakubali. Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame.

WAPI PA KUSOMEA

Kama huna cheti chochote cha stima, anzia hapo. Technical University of Mombasa na Kenya Coast National Polytechnic zinafundisha umeme hapa hapa, na vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha kozi za msingi. Tusisahau kwamba chuo kikuu hicho kilianza mwishoni mwa miaka ya 1940 kama MIOME, taasisi iliyoanzishwa kwa ajili ya elimu ya ufundi ya Waislamu wa Afrika Mashariki. Wazee wetu waliona mbali: kwamba mtoto wa Kiislamu wa Pwani ahitaji ufundi wenye cheti. Sisi ndio tuliorudi nyuma tukadhani ufundi ni wa aliyeshindwa na shule.

Kama ujuzi unao lakini ulijifunza kwa kumfuata fundi, kama mpwa wangu, njia yako ni mtihani wa NITA. Una madaraja ya III, II na I, na NITA ina kituo chake Mombasa. Serikali pia imeanzisha utaratibu wa kutambua ujuzi wa awali, RPL, ambapo mtu hupimwa kwa anachoweza kufanya badala ya miaka aliyokaa darasani. Kwa mafundi wa jua kali mlango huu ni rehema. Utumieni.

Kwa sola yenyewe, jina linalojulikana zaidi ni kituo cha utafiti wa nishati cha Strathmore, Nairobi, kinachofundisha T1 hadi T3. Viko vyuo vingine pia. Kabla ya kulipa, hakikisha na EPRA kwamba chuo kimeidhinishwa kwa daraja unalolitaka, na uulize swali hili: nitashika paneli, inveta na betri kwa mikono yangu siku ngapi? Kozi ya picha za ukutani pekee itakupa cheti, haitakupa kazi. Mafunzo haya huhesabiwa kwa siku na wiki, si miaka. Mtu mwenye msingi wa stima anaweza kuyapanga katikati ya kazi zake.

KAZI ZIKO WAPI

Kwanza majumbani, misikitini, madrasa, shuleni na madukani. Msikiti una bahati yake: mzigo mkubwa wa feni na pampu huja adhuhuri na alasiri, jua likiwa juu, kwa hivyo hauhitaji betri kubwa sana.

Pili, hoteli za Diani, Watamu na Malindi, na viwanda. Hawa wanatumia umeme mwingi mchana, na bili ndiyo inayowasukuma. Kanuni za mwaka 2024 zimeruhusu mwenye mfumo wa hadi megawati 1 kuingiza umeme wa ziada kwenye gridi na kuhesabiwa nusu yake: uniti mbili unazotoa, moja unarudishiwa kama mkopo. Kazi hizi zinahitaji T3 bila mjadala.

Tatu, maji. Visima vya Kwale, Kilifi na Tana River vinabadilishwa kutoka jenereta kwenda pampu za sola. Pampu inajisimamia, haihitaji betri, lakini inahitaji mtu anayejua kina cha kisima na hesabu ya maji.

Nne, sehemu zisizofikiwa na gridi. Mradi wa KOSAP unaofadhiliwa na Benki ya Dunia unalenga kaunti 14, na tano kati yake ni zetu: Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Visiwani na bara ya ndani, mvuvi mwenye friji ya sola habebeshwi bei na dalali kwa kuogopa samaki kuoza.

Tano, matengenezo. Hili halina umaarufu, lakini ndilo litakalolisha mafundi miaka 20 ijayo. Mifumo iliyofungwa vibaya miaka iliyopita inakufa sasa. Kuna kuosha, kukaza, kubadilisha betri, kutafuta hitilafu. Kampuni ya mbali haiji kwa viunganishi viwili vilivyoungua. Fundi wa mtaani huja, na anaalikwa tena.

Nawaonya kuhusu mitambo mikubwa. Ule wa Malindi Solar ulioko Langobaya, wenye uwezo wa megawati 40, ulianza kutoa umeme mwishoni mwa 2021. Mitambo kama hiyo huajiri watu wengi inapojengwa, kisha hubaki na wachache. Ukipata nafasi, ichukue kwa ajili ya uzoefu, usiijengee nyumba.

NA GHUBA?

Vijana wengi hunipigia simu kuuliza kuhusu Ghuba. Ni kweli kazi ipo. Al Dhafra huko Abu Dhabi ni gigawati 2, Dubai ina bustani ya sola ya Mohammed bin Rashid Al Maktoum, na Oman ina Ibri 2 ya megawati 500. Lakini kule pia kuna tabaka mbili: anayebeba paneli juani, na anayeunga na kupima. Ukienda bila cheti utabeba. Ukienda na cheti na miaka miwili ya kazi, unaweza kuzungumza mshahara. Na kabla ya kumpa wakala shilingi moja, hakikisha amesajiliwa na mamlaka ya ajira ya kitaifa, NEA. Familia nyingi hapa zimeuza shamba kwa kazi ambayo haikuwepo.

TUSIWASAHAU DADA ZETU

Kazi hii haina uume wala uke. Kule Kinyasini, Unguja, Barefoot College imewafundisha wanawake wa vijijini kufunga na kutengeneza sola, wengi wao wakiwa hawakusoma sana. Hapa kwetu kuna sababu ya ziada. Fundi mwanamume hawezi kuingia nyumba ambayo baba hayupo, na hitilafu haimsubiri baba arudi kutoka safari. Fundi mwanamke mwenye leseni angepata wateja ambao mwanamume hawapati.

KWA KAMATI NA WENYE MALI

Sasa niseme na upande wa pili. Ni haki kuitisha leseni. Kazi ni amana, na dini yetu imetufundisha itqani, kufanya kazi kwa ukamilifu. Msikiti ukiungua hautauliza fundi alikuwa jirani wa nani. Lakini mnaweza kuitisha leseni na bado mkajenga watu wenu. Andikeni sharti moja kwenye kandarasi: kampuni itakayopata kazi ifanye kazi pamoja na mafundi wawili wa mtaa, iwaonyeshe mfumo mwanzo hadi mwisho, na iwaachie michoro na barua ya uzoefu. Kampuni haipotezi kitu, na nyinyi mnabaki na mtu wa kuita inveta ikilia usiku wa Ramadhani.

Kamati iliyo na fedha za wakfu inaweza pia kulipia karo ya T3 ya kijana mmoja kila mwaka. Na kwa mafundi wanaoanzisha kampuni, kumbukeni mpango wa AGPO unaotenga asilimia 30 ya ununuzi wa serikali kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Kaunti zinanunua taa za barabarani, pampu na mifumo ya zahanati. Kwa mteja asiyetaka riba, utaratibu wa murabaha unafaa sana kwa sola, kwa kuwa benki hununua kitu halisi na kukuuzia kwa faida inayojulikana. Lakini benki hutaka orodha ya vifaa iliyoandikwa sawasawa, na tunarudi pale pale: fundi anayejua hesabu.

MPWA WANGU

Baada ya mazungumzo yale alinuna wiki mbili. Kisha akaja kuuliza mtihani wa NITA hufanywa lini. Alifanya, akapita. Akauza pikipiki yake kulipia mafunzo ya sola, jambo ambalo mamake hakulipenda, na sasa ana leseni ya T2 na anasubiri kufikisha uzoefu wa kuomba T3. Kazi kubwa bado hajapata. Lakini mwezi uliopita inveta ya ule msikiti ilianza kuzima kila adhuhuri. Kampuni ya Nairobi ikasema itatuma mtu baada ya siku kumi. Kamati ikampigia yeye. Alipanda, akapima mstari mmoja mmoja, akakuta kiunganishi kimoja kimeingia chumvi na kuungua. Alibadilisha, akaandika ripoti ya ukurasa mmoja yenye vipimo, akawapa.

Alipokuja kunisimulia hakuuliza tena wamemshinda nini. Aliuliza kama kwangu kuna kitabu kizuri cha hesabu za betri.

Wassalaam.